Jina la Kitu Ambacho Hakijaisha

Mimi ni mtu wa kuuliza. Mama alizoea kusema nilianza kuuliza kabla sijaanza kutembea, na kwamba baba, ambaye hakupenda maneno mengi, alikuwa akinikimbia kwenda shamba la chai ili apumzike. Sioni haya kwa hilo. Nimegombana na watu wengi kwa sababu ya maswali, na wengine hawajanisamehe mpaka leo. Lakini ugomvi ninaoukumbuka kwa furaha kuliko wote ni ule wa watu ambao sikuwahi kuwaona, wakaao nchi ambazo nyingine nilizitafuta kwenye ramani ya ukutani nisizipate. Tuligombania jina la programu ya kompyuta.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa pale Ibighi, mjini Tukuyu. Ilikuwa ile miaka ambayo biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwenye chumba kinachotazama barabara amekitoboa dirisha na kukiita duka. Mwajiri wangu alikuwa mjane wa makamo, Mwislamu, ambaye baba yake alikuja Tukuyu kutoka pwani na cherehani moja akafa akiwa na tano. Chumba cha cherehani ndicho binti huyo alichokigeuza kuwa duka la daftari, kalamu, chaki na kazi za kuchapa, akabakiza cherehani moja barazani kwa mshonaji. Mimi nilimwita Mama, kama walivyomwita wote. Alisema Kiswahili cha kwao, cha kuimbaimba, na Kinyakyusa alikijua kunizidi, hasa akiwa ananunua ndizi.

Tulikuwa na taipureta moja, mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, printa, na kompyuta mbili alizozinunua Dar es Salaam. Zilikuwa mitumba, sawasawa na mashati. Hujui nani alizivaa kabla yako, na ukipekua mfukoni unaweza kukuta kitu. Katika moja nilikuta picha za mbwa wa mzungu fulani, nikazitazama wiki nzima kabla ya kuzifuta, nikijiuliza mbwa huyo alikuwa anakula nini.

Kazi iliyotuweka mjini ilikuwa moja: mitihani ya shule ya sekondari ya upande wa Suma, ile ambayo wazazi waliijenga kwa matofali yao wenyewe. Kila muhula Mkuu wa Shule alituletea mitihani yote imeandikwa kwa mkono. Mimi nikaichapa nyuma ya pazia ili mtu asichungulie, naye akaja kuichukua ikiwa imefungwa kwa kamba. Kulikuwa pia na kadi za harusi, barua za kuomba kazi na ratiba za misiba, lakini hizo zilikuwa mboga. Ugali ulikuwa shule.

Mkasa wenyewe ulianza na virusi. Kompyuta zetu zilikuwa zimejaa virusi hadi zikawa zinaandika zenyewe. Mama akamwita kijana mmoja fundi kutoka Mbeya mjini. Fundi akazitazama, akatikisa kichwa, akasema dawa si kuzisafisha bali kuzibadilishia mfumo endeshi. Nilimuuliza ni kitu gani hicho. Akasema ni ile programu inayoamka kwanza ukiwasha mashine, inayoziamuru nyingine zote, zipande au zishuke. Akasema kuna mfumo wa bure, unatengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika dunia nzima, na virusi vya mitaani haviuwezi.

"Wa bure?" Mama aliuliza. "Wanakula nini?"

"Wana kazi zao nyingine, Mama. Huu wanautengeneza jioni."

Aliporudi safari ya pili alileta sidii mbili, akaziweka juu ya kaunta. Alizipata kwa rafiki yake wa Dar es Salaam. Moja ilikuwa imechapwa vizuri kiwandani, ina rangi ya bluu na namba kubwa katikati. Nyingine ilikuwa nyeupe, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito neno moja tu la kigeni. Akasema, "Chagueni mnayoitaka, Mama. Inayobaki nampelekea mwenzangu Kyela."

Hapa inabidi niseme jambo kuhusu sisi, maana fundi mmoja wa ng'ambo alikuja kuniambia baadaye kwamba hakulielewa kabisa. Kwetu, mtu akikuletea vitu viwili akakwambia chagua, huchukui kile kizuri. Unachukua kile cha kawaida, kwa mikono miwili, unashukuru, na kile kizuri unamwachia anayefuata. Wala hukigeuzigeuzi mbele ya aliyekupa kana kwamba unatafuta tundu. Mama yangu kule Suma alinifundisha hivyo kwa makofi. Mjane wangu alifundishwa hivyo hivyo na baba yake wa pwani. Katika mambo mengi Uislamu wake na Ukristo wangu vilipita njia tofauti, lakini hapo vilikutana vikashikana mikono.

Kwa hiyo Mama akaiacha ile ya bluu, akaichukua ile nyeupe kwa mikono miwili. Nami nikasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," ahsante sana, na nikamwona Mama ananitazama kwa kuridhika kwamba nimelelewa.

Fundi akauweka mfumo kwenye mashine zote mbili. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Ulikuwa mwepesi, na kila nilipobofya kitu kilifunguka. Lile neno la kigeni nilikwenda kulitafuta kwenye kamusi nikakuta ni jina la ndege, mbayuwayu. Nikafurahi. Nilidhani wameuita hivyo kwa sababu ya wepesi wake.

Ikaja mitihani ya kidato cha nne, ile ya kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Niliichapa yote, kuanzia kemia mpaka jiografia, na kila jioni nilihifadhi na kunakili kwenye flopi kama nilivyofundishwa. Siku Mkuu wa Shule alipokuwa aje kuichukua, mvua ilinyesha tangu asubuhi na umeme ukakatika, jambo ambalo Tukuyu si habari. Umeme uliporudi nikawasha mashine. Majina ya mitihani yote yalikuwepo, yamejipanga. Nikafungua kemia, nikakuta ukurasa mweupe. Nikafungua jiografia, mweupe. Nikafungua flopi, nako majina yapo na ndani hamna kitu.

Mkuu wa Shule aliingia akiwa amelowa, akatusikiliza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kanisani, na laiti angepiga kelele. Alisema tu, "Mama, watoto wanaanza mtihani keshokutwa." Akaomba karatasi zake zilizoandikwa kwa mkono. Nikamwambia nitazichapa upya kwa taipureta, nitamaliza. Akanitazama kwa huruma, akazikunja, akaziweka ndani ya koti, akapanda nazo juu kuelekea stendi. Huko jamaa mmoja alikuwa amefungua ofisi ya kuchapa yenye mashine mpya na kiti cha kuzunguka.

Mama akafunga mlango. Kisha akasema, "Mwanangu, sikufukuzi. Lakini shule zikifungua na Mwalimu asirudi, nitaviuza vitu hivi nibaki na taipureta. Na taipureta haihitaji watu wawili."

Nilijua maana yake. Maana yake ilikuwa kapu la chai mgongoni kule Suma, kuamka na umande, na shangazi zangu kuanza kuniletea wachumba. Sidharau chai, imenisomesha. Lakini nilikuwa nimeshaonja kukaa mahali ambapo watu wanaingia na habari zao ili uzichape, na kwa mtu mdadisi hakuna kazi tamu kama hiyo. Nililia, nikapenga kamasi, nikamtumia fundi ujumbe kwa dereva wa basi la Mbeya.

Fundi alikuja, akahangaika, akasema hajui. Akarudi Mbeya kumpigia simu rafiki yake wa Dar es Salaam. Safari iliyofuata alikuja na ile sidii ya bluu kutoka Kyela, amenyong'onyea.

"Kumbe ile nyeupe ni ile inayojengwa," akasema.

"Inayojengwa namna gani?"

Akatueleza. Wale watu wa kujitolea wakati wote wana matoleo mawili. Moja limekamilika, limejaribiwa, linapewa namba. Jingine liko mikononi mwao, wanalibomoa na kulijenga, na wanaligawa kwa mafundi wenzao ili walitumie, livunjike, watoe taarifa limevunjikia wapi. Toleo letu lilikuwa la namna hiyo. Sehemu ya kuhifadhi kazi ndiyo waliyokuwa wameibomoa, na umeme ukikatika ilikuwa inasahau kila ilichokabidhiwa, hata kile ilichodai kimeandikwa kwenye flopi.

"Na imeandikwa wapi kwamba inajengwa?" niliuliza.

"Kwenye jina. Zenye jina la ndege zinajengwa. Zenye namba zimeisha. Rafiki yangu anasema huo ndio utaratibu wao."

Mama akaichukua ile sidii nyeupe, akaitazama mbele na nyuma, jambo ambalo alipaswa kulifanya siku ya kwanza na adabu ikamkataza. "Mbayuwayu," akasema. "Basi ameruka na kazi za watu." Halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, ila chetu kilikuwa kile kicheko cha msibani. Mwenzake fundi kule Kyela, aliyeachiwa kile kizuri kwa heshima yetu, mashine yake haikuwa imekohoa hata mara moja.

Fundi akaweka toleo lenye namba. Mashine zikapona, lakini mteja hakurudi. Mimi nami sikupata amani. Swali lilikuwa limeniganda: mtu mwenye akili zake, anayeweza kutengeneza kitu kigumu namna ile, anawezaje kukitupa njiani kabla hakijaisha na kukipa jina zuri la ndege? Kwetu mama mpika pombe akikuchotea kabla haijakaa sawa atakwambia hii ni ya keshokutwa, usije ukaumwa tumbo ukanisema. Nikamwambia Mama nataka kuwaandikia. Nilitegemea atanikemea.

"Waandikie," akasema. "Ukijua kwa nini, nami nitakuwa na la kumwambia Mwalimu. Sasa hivi sina neno mdomoni."

Kila nilipokwenda Mbeya mjini kumnunulia riboni na karatasi nilipita kwenye duka la intaneti, nikaketi mbele ya mashine na kamusi mapajani. Barua yangu ya kwanza, niliyoipeleka kwenye baraza lao la mtandaoni, ilinichukua muda wote niliolipia. Nilieleza kila kitu, na adabu ya kuchagua pia. Nilipokwenda tena nikakuta jibu la bwana mmoja, fupi, la upole wa baridi. Alisikitika. Akaeleza habari ya ndege na namba kama alivyoeleza fundi, akamalizia kwamba utaratibu huo kila mtu anaujua.

Lo, nilipandwa na hasira! Kila mtu! Nikamjibu mstari mmoja: "Mimi ni mtu, na sikuujua." Nikaondoka bila hata kumaliza muda wangu.

Safari iliyofuata nilikwenda kwa woga, nikidhani watakuwa wamenifukuza kwenye baraza lao. Nikakuta wamegombana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili yangu. Mmoja anasema nina haki, mwingine anasema mtu asiye fundi asiguse sidii asiyoijua, mwingine anasema ndege ni mila yao na mila haivunjwi. Katikati yao mwanamke mmoja alikuwa ameniandikia mimi moja kwa moja. Alisema wanakusudia kutoa sidii zenye maelezo ya Kiswahili, na toleo linalojengwa nalo litakuwemo. Akaniuliza: wewe ungeliitaje, ili mtu wa mji wako asilichukue kwa kazi yake?

Nilirudi Tukuyu nimeshika swali hilo kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzie amshike kidogo. Nilidhani ni jambo la dakika tano. Mimi na Mama tulikaa dukani mvua ikinyesha, tukataja majina. Toleo changa. Toleo la majaribio. Toleo ambalo halijaisha. Mama akasema, "Tusijidanganye wenyewe. Mimi ni muuzaji, najua mtu anavyosoma pakiti. Tuwaulize."

Akakata kadi za manila, akaziandika kwa mwandiko wake mzuri, akazipanga kaunta pamoja na kadi moja yenye namba tu. Kila aliyeingia kununua kalamu aliulizwa: ungekuwa na kazi muhimu, ungeichukua ipi?

Sijawahi kufurahia kazi kama siku zile. Wa kwanza alikuwa mama muuza ndizi. Alisomewa zote, akagusa "changa" bila kusita. "Mwenye akili hanunui ng'ombe mzee," alisema. "Unachukua mtamba, unakua naye, anakuzoea." Tukaitoa kadi ile. Mkulima mmoja wa Kisiba akachagua "majaribio", kwa sababu mabwana shamba walipokuja na mbegu za majaribio walizigawa bure na mbolea juu, na hajapata kuvuna mahindi kama yale. Nayo tukaitoa. Karani mmoja alishauri tuliite toleo la maendeleo. Mama akaandika kadi, na kuanzia saa ile hakuna mtu aliyegusa nyingine. Hata wanafunzi waliitaka. Tukaificha chini ya kaunta.

Tegemeo letu likabaki "halijaisha". Nilikuwa na uhakika nalo. Nani angechukua kitu kilichojitangaza kwamba hakijaisha? Akaingia fundi mwashi, amejaa vumbi la saruji, akaichukua hiyo hiyo.

"Lakini haijaisha!" nilimwambia, karibu kumpigia kelele.

"Dada," akasema, "nyumba gani Tukuyu hii imeisha? Yangu haina madirisha upande mmoja na nimezalia humo watoto watatu. Ukingoja iishe utalala nje."

Alikuwa anasema kweli. Kwetu mtu anapandisha chumba kimoja, anahamia na kitanda chake, na vingine vitakuja Mungu akipenda. Kumwambia Mnyakyusa kwamba kitu hakijaisha si kumtisha hata kidogo. Ni kumkaribisha. Nikaanza kumwonea huruma yule bwana wa jibu la baridi, maana jina lilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyofikiri, na shule zilikuwa karibu kufungua.

Siku moja mchana Mkuu wa Shule aliingia. Hakuja kwa ajili yetu. Jamaa wa stendi alikuwa hauzi chaki. Mama akampa chaki na salamu zote za mke, watoto na mifugo. Mimi nilijificha nyuma ya printa. Lakini yeye ni mwalimu, akiona maandishi lazima asome. Akaziinamia zile kadi.

"Hizi ni za nini?"

Mama akanigeukia. "Mweleze wewe."

Nikamweleza. Nilieleza habari ya sidii mbili na adabu yetu, habari ya ndege na namba, sehemu iliyokuwa imebomolewa, na jinsi wenye mfumo wao walivyoniomba jina. Nilisema haraka haraka bila kumtazama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapitia kadi moja baada ya nyingine kama anayesahihisha.

"Yote haya ni majina," akasema. "Mimi sikuhitaji jina, binti yangu. Nilihitaji mtu aniambie kwamba karatasi zangu zinaweza kupotea."

Akachukua chaki yake, akatuaga vizuri, akaenda. Alivyosema bila kinyongo ndivyo ilivyoniuma. Nilitaka ardhi inimeze. Mama alibaki ameshika kaunta kwa mikono miwili, anatazama mlango. Akasema, "Kata kadi nyingine. Andika alivyosema."

Tukaandika: BADO INAJENGWA. INAWEZA KUPOTEZA KAZI YAKO. Yule mwashi alipopita tena tukamwita. Akaisoma, akairudisha kaunta kama imemchoma. "Hii wapeni wenye nayo," alisema. Mama muuza ndizi akasomewa, akauliza ni kazi ya nani itakayopotea. Tukamwambia yako. Akasogeza kadi ile pembeni kwa ncha ya kidole, akachukua yenye namba. Hata karani wa maendeleo aliiogopa. Ndipo nilipotambua kwamba Tukuyu nzima imejaa nyumba zilizoandikwa ukutani NYUMBA HII HAIUZWI, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza kwa nini nyumba hiyo haina jina zuri. Wanaandika kile ambacho mpita njia anatakiwa kukijua, basi.

Nikaipeleka Mbeya. Mwanamke yule alifurahi. Wengine walisema hilo si jina, ni tangazo, tena refu, litawatisha mafundi wanaotakiwa kulijaribu. Nikajibu kwamba fundi hatishwi na onyo, huwa anavutwa nalo, na nikatoa mfano wa fundi wetu wa Mbeya ambaye ukimwambia usiguse waya huo ameshaugusa. Ubishi ukaendelea. Niliusoma wote, kamusi mapajani, nikicheka peke yangu mpaka mwenye duka la intaneti akawa ananitupia jicho. Mwishowe wakakubali nusu: kwenye sidii za Kiswahili sentensi yetu ingechapwa kwa herufi kubwa, na ndege wao akae chini kwa herufi ndogo. Lugha nyingine zitaendelea na ndege peke yake. Yule bwana wa jibu la baridi ndiye aliyeandika mwisho. Alisema amemsomea mkewe sentensi yetu na mkewe akamuuliza kwa nini ya kwao hawaandiki hivyo. Hakusema alimjibu nini, nami nimebaki nikitamani kujua mpaka leo.

Nilirudi dukani nikiwa juu kama mtu aliyeozesha. Mama alinipongeza, akaniwekea chai. Lakini nilimwona anatazama kalenda. Shule zilikuwa zimefungua, na Mkuu wa Shule hakuwa ameonekana. Mama alikuwa amekwisha kumpata mtu wa kuzinunua mashine, mfanyabiashara wa Kyela. Hakunificha. "Nakupa habari mapema," alisema, "ili usiseme nilikuvizia." Nikaanza kukusanya vitu vyangu kidogo kidogo nyuma ya pazia. Sikuwa na uchungu naye. Nilikuwa na uchungu na mvua, na umeme, na malezi mema.

Asubuhi moja, umeme ukiwa upo na ukungu umeshuka mpaka barabarani, mlango ukafunguka. Mkuu wa Shule akaingia, koti limetuna kifuani. Akasalimia. Mimi nikasema shikamoo. Hakutoa kilichokuwa ndani ya koti. Alisimama tu, akizitazama mashine.

"Hii mliyo nayo sasa ni ipi?"

"Ni iliyoisha," Mama akajibu. "Ina namba. Tumekaa nayo likizo nzima, umeme umekatika tusiweze kuhesabu, haijapoteza kitu."

"Na huyu binti?"

Mpaka siku ile, mbele ya kila mteja, Mama alikuwa akiniita fundi wetu. Fundi wetu atakuchapia, fundi wetu anajua yote. Nilizoea na nilijivunia. Nikanyoosha mgongo nisikie atakavyonisifu, maana sasa ndio ulikuwa wakati wake.

Mama akanitazama, halafu akamtazama yeye. "Huyu bado," akasema. "Kuchapa anajua sana. Kompyuta anajifunza. Anaweza kukosea, Mwalimu. Kazi yako inaweza kupotea. Kwa hiyo kila ukurasa akiumaliza tutautoa kwenye karatasi hapo hapo."

Uso ulinichoma. Mkuu wa Shule akawaza, akikuna kidevu. Nje ile cherehani ya barazani ilikuwa inalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Una kiti?" akauliza.

Mama akamletea kiti. Akakisogeza mwenyewe mpaka karibu na pazia, akaketi, akafungua vifungo vya koti, akatoa bahasha akanipa mimi, si Mama. "Basi nitakaa hapa mpaka ziishe," akasema.

Nikaanza na kemia. Nikakosea mstari wa kwanza, nikaufuta. Ukurasa ulipotoka kwenye printa aliuchukua ukiwa bado na joto, akausoma kuanzia juu mpaka chini, akaugeuza kutazama nyuma, akaulaza gotini kwake.

"Endelea," akasema.